Mwaka Nilioitwa Kapteni

Nilisema nataka kuwa rubani kwa sababu muhogo ulikuwa unapoa. Sina sababu nyengine, na nimepata miaka mingi ya kuitafuta. Ilikuwa futari, Chukwani, nyumbani kwa Ami Seif, ambaye alikuwa na tabia ya kuwahoji vijana mara tu baada ya tende ya kwanza, wakati ulimi wa mtu haujarudi mahali pake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na mbele yangu palikuwa na bakuli la muhogo wa nazi na papa, tui limeanza kuganda ukingoni. "Haji," akasema Ami Seif, "skuli ushamaliza. Sasa unataka kuwa nani?" Jibu la kweli lilikuwa sijui. Lakini kwetu anayesema sijui hupewa nasaha, na nasaha za Ami Seif zilianzia utotoni mwake na kumalizikia kwenye adhana ya isha. Chukwani ndege zinapita chini kwa chini juu ya mapaa, hata masufuria yanatikisika kwenye rafu, na wakati ule ule ikapita moja. Nikasema, "Rubani, ami." Ami Seif akaweka kijiko chini akanitazama kama aliyeniona kwa mara ya kwanza. Mimi nikala muhogo wangu kwa raha mpaka mwisho wa bakuli, na mpaka leo sijala muhogo ulioniletea gharama kama ule.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Nassor, jirani yetu wa zamani, amekuja. Alifika mwezi uliopita hapa Tunguu, na gari ya kukodi, akasimama mbele ya duka langu la kutoa nakala, ambapo wanafunzi wa chuo kikuu huja kunipa kazi zao nizitie jalada. Mimi niliyeishia sekondari nimeshajalidi shahada za watu wengi kuliko profesa yeyote, na nyengine nimezisoma, wateja wakichelewa. Nassor alishuka na kitambi ambacho hakuwa nacho, akafungua mikono, akapiga kelele hadi wanafunzi wakageuka: "Kapteni!" Wao walimtazama yeye, maana ndiye mwenye sura ya kapteni, na kazi yake ndiyo hiyo. Lakini mtaani kwetu Mji Mkongwe aliyeitwa Kapteni mwanzo ni mimi, na niliitwa mwaka mzima, na katika mwaka huo ndege nilipanda siku moja tu.

Pale kwenye futari shangazi yangu, Bi Raya, alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Nilikuwa nakaa kwake. Alisikia neno rubani, na njia nzima ya kurudi mjini hakusema kitu, jambo ambalo lingepaswa kunitia hofu, maana shangazi akinyamaza huwa anapanga. Iddi ilipopita, nikarudi nyumbani siku moja nikakuta ukumbini kumetandikwa mikeka, ubani unafuka, maalim amekaa kwenye takia, na sinia la haluwa katikati. Nikauliza nani kafariki. Hakuna aliyefariki, nilikuwa nasomewa dua mimi. Sehemu nyengine, nasikia, mtu hupata kwanza barua ya chuo, kisha ndiyo watu wakamshukuru Mungu. Kwetu tunaanza na Mungu, barua itajitafuta yenyewe. Maalim akaomba nihifadhiwe juu na chini, nipae salama na nitue salama, na kila alipopumua wanawake wakaitikia "Amin" kwa nguvu. Amin kubwa kuliko zote ilitoka kwa jirani yetu Bi Time, na alikuwa na sababu yake, ambayo nitaifikia. Wageni walipoondoka nikamwendea shangazi jikoni.

"Shangazi, mimi bado sijaamua."

"Hujaamua nini?"

"Hayo ya urubani."

Akanitazama na kisu mkononi. "Haji. Watu wamekula haluwa."

Kwa hiyo nikawa Kapteni. Muuza kahawa aliniita hivyo, fundi cherehani aliniita hivyo, na mama mmoja wa kwenye roshani akawa kila akiniona napita ananitupia kikapu kwa kamba: "Kapteni, ukitua sokoni Darajani niletee vitunguu!" Walicheka kwa sababu walinijua. Mimi nilikuwa mtu wa nyumbani. Safari ya skuli kwenda Makunduchi, ambako mtu huenda na kurudi kabla wali haujapoa, ilinitia simanzi njiani. Mahali pangu nilipopapenda duniani palikuwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, karibu na mlango wa jikoni, nikikuna na kusikiliza wanawake wakizungumza habari za watu ambao siwajui. Nilizijua ndoa zote za mtaa kabla ya wenyewe kuzijua. Vijana wenzangu walikuwa pwani wakiruka kutoka ukutani kwenye maji. Mimi nilikuwa najua kwa nini mke wa mwenye duka la vitambaa karudi kwao. Mtu kama huyo ndiye aliyeombewa kupaa.

Sasa sababu ya Bi Time. Nyumba yake ilitazamana na yetu, na kichochoro kilikuwa chembamba kiasi kwamba shangazi alikuwa akimpa chumvi kwa dirishani bila kushuka. Nyumba ile, ya mawe, ya ghorofa tatu, aliirithi, na aliiuza ili mwanawe Nassor asome shahada ya urubani ng'ambo, miaka minne. Aliyeinunua akaifanya hoteli. Alikuwa mtu wa huruma, au wa hesabu, akamwachia Bi Time vyumba viwili vya juu kabisa, apange, ndani ya nyumba aliyozaliwa. Wageni wa hoteli walikuwa wakikosea ngazi asubuhi wakamkuta na kanga na kikombe chake cha chai, wakamuuliza kuhusu chakula. Alijifunza maneno mawili ya lugha yao, moja la kusema hakuna na jengine la kusema chini, na kwa maneno hayo mawili aliendesha maisha. Na mwaka ule ule wa muhogo wangu, Nassor akarudi na shahada.

Alirudi na mashati meupe yenye vitambaa mabegani, na maulidi yakasomwa, na kila asubuhi akawa anapanda Vespa ya rafiki yake kwenda uwanja wa ndege kutafuta kazi, na kila adhuhuri akawa anarudi na shati lile lile likiwa na alama ya jasho mgongoni. Shangazi akanipangia. Kila alasiri niende kwa Nassor nikajifunze. "Usikae tu pale ukala mikate ya Bi Time," akasema. "Muulize mambo." Nilikaa nikala mikate ya Bi Time, mkate wa kumimina wenye iliki unaotoa mvuke ukiuvunja, lakini mambo pia niliuliza.

Chumba cha Nassor kilikuwa na kitanda, dirisha moja, na vitu viwili ukutani. Upande wa mlango ilitundikwa shahada, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, kioo chake kikifutwa na Bi Time kila Ijumaa. Upande wa pili, kuanzia dari mpaka karibu na sakafu, Nassor alikuwa amebandika picha kubwa ya karatasi ya chumba cha rubani, saa zote, vitufe vyote, usukani. Mbele ya picha aliweka kigoda. Akawa anakaa pale, anafumba macho, na mkono wake unakwenda wenyewe, huku, kule, unagusa karatasi mahali palepale panapotakiwa, huku midomo ikinong'ona. Alisema marubani wote hufanya hivyo ili mkono usisahau. Mimi nilipewa ndoo iliyogeuzwa, nikawa rubani msaidizi. Siku ya kwanza nililala juu ya ndoo tukiwa katikati ya bahari, na ndege ikatua bila mimi.

"Nikwambie kitu, Haji?" alisema siku moja, akiwa amefumbua macho. Akaonyesha fremu kwa kidevu. "Ile pale imemlia mama nyumba nzima. Na hairushi ndege."

"Kinachorusha nini?"

"Leseni. Na leseni bila masaa ya kuruka ni hati ya ndoa bila mke."

"Masaa yanapatikana wapi?"

"Kwa kuruka."

"Na kuruka?"

"Upewe kazi."

"Na kazi?"

"Uwe na masaa." Akacheka peke yake, na kicheko kile sikukipenda. "Kuna wenzangu hawakuchukua shahada, walichukua leseni tu, wakamaliza mapema, wakaanza kuokota masaa kwenye vindege vya kubeba watalii. Mimi nilikuwa darasani nasoma historia ya uwanja wa ndege. Sasa wao wanaruka, mimi nnaruka ukutani."

"Basi shahada kazi yake nini?"

Akafikiri kweli kweli. Hakuwa mtu wa kujibu ili mradi. "Sitasema uongo. Nilijifunza mengi. Hali ya hewa, sheria, mambo ya mafuta. Na ukizeeka, ukitaka kuwa mkubwa ofisini, wataiulizia. Lakini mtu anakuuzia viatu vya uzee wakati huna vya kuendea skuli."

"Ungerudi nyuma ungefanyaje?"

"Ningekwenda tena," akasema, wala hakufikiri.

Jibu hilo lilinikera kuliko mengine yote. Nilikuwa nimekwenda pale nikitumaini ataniambia ni upumbavu mtupu, nimpelekee shangazi maneno yake, mambo yaishe. Badala yake nikaondoka nikiwa najiuliza ni kitu gani hicho ambacho mtu anaweza kukilaani na kukitamani ndani ya pumzi moja. Kwa umri ule nilidhani kitu kikiwa ghali na kikakutesa, basi hukitaki tena. Nilikuwa bado sijaoa.

Mwaka ule hakuna aliyekaa akatulia, si nyumba yetu wala ya ng'ambo ya kichochoro. Nassor akisikia injini alipanda juu ya paa, akasimama kati ya matangi ya maji ya hoteli, shingo juu, mpaka sauti imalizike, kisha akashuka, kisha ikapita nyengine. Shangazi alikuwa anahamisha vitu: kabati leo huku, kesho kule, kama mtu anayejaribu nyumba ambayo hakupangiwa. Na mimi, mtu wa kigoda cha jikoni, nikawa siwezi kukaa. Nikikuna nazi nasimama, nakwenda dirishani, narudi, nazi imekauka. Dirishani nilisikia ya Bi Time na mwanawe, maana kichochoro kile hakikuwa na siri, na wakati wa chakula cha mchana ndipo walipokuwa wakigombana.

"Kula."

"Sina njaa, mama."

"Huna njaa au huna kazi? Tumbo na kazi ni vitu viwili."

"Nimesema sijisikii."

Kijiko kikagonga sahani. Kisha sauti ya Bi Time ikashuka, nikalazimika kusogea ukutani ili niisikie, na sioni haya kusema nilisogea. "Mwanangu, mimi sikuuza nyumba ili ule wali. Lakini wali umeshapikwa. Kula."

Barua ya chuo ilijitafuta yenyewe kama nilivyosema. Ami Seif alinijazia maombi kwa mkono wake, chuo kile kile alichosoma Nassor, na chuo kikanikubali haraka mno. Nassor alisema wanamkubali kila anayeweza kulipa. Palibaki hiyo kulipa. Shangazi alikuwa na kitu kimoja tu duniani chenye thamani, nacho kilikuwa kiwanja hapa Tunguu, alichokinunua zamani wakati hapana mtu aliyetaka kuja huku. Nyumba tuliyokaa mjini ilikuwa ya wakfu. Siku wenye kuisimamia wakiitaka, tunatoka. Kiwanja ndicho kilichokuwa nyumba yake ya uzeeni, ijapokuwa kilikuwa majani matupu. Chuo kikuu kilipokuja karibu, thamani ikapanda, na dalali mmoja mwenye kofia iliyolalia jicho akaleta mnunuzi, bwana aliyetaka kujenga mabweni ya wanafunzi.

Tukaja kukionyesha, mimi, shangazi, dalali na mnunuzi. Nakumbuka jua, na nyasi zinazonata kwenye suruali. Mnunuzi alikuwa anatembea mipakani na dalali. Shangazi alibaki katikati, akanivuta mkono. "Hapa," akasema, akapiga ardhi kwa kiatu, "lingekuwa jiko. Moshi unatoka kwa huku, upepo wa kusi unauchukua, hauingii ndani. Hapa chumba changu. Pale ungekaa wewe na mkeo, mlango wake mbali, ili nisikusikieni mkigombana." Alicheka. Alikwenda hatua chache akasimama mahali ambapo, nilijua bila kuambiwa, alikuwa amekwishatundika pazia. Kisha akasema, "Haya, basi. Utanijengea ghorofa ukirudi. Mimi nataka lifti, magoti yangu haya." Akamwita dalali kwa sauti ya furaha. Nimeshasikia watu wakilia kwa sauti yenye furaha kuliko ile.

Lazima niseme hapa kwamba nilimletea njia ya pili. Nilimweleza ya Nassor: kuna leseni bila shahada, muda mfupi zaidi, gharama ndogo zaidi, pengine kiwanja kikakatwa nusu. Alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua kichwa. "Leseni kubwa kiasi gani?" akauliza. Nikamwonyesha kwa vidole, kama kitambulisho. "Inawekwa wapi?" Nikasema mfukoni. "Basi mimi niuze kiwanja changu nipate kitu cha mfukoni? Shahada inatundikwa, mtu akiingia anaiona kabla hajakaa. Bi Time kakosa nyumba lakini ukuta wake una heshima." Nikasema ukuta wenyewe ni wa mwenye hoteli. "Ukuta wa mwenye hoteli," akasema, "heshima ya Bi Time. Niletee ungo ule." Nimesikia wasomi wakijadili hapa dukani kwangu, wakingoja nakala zao, kama elimu ghali ina faida, na wote wanazungumzia mishahara. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza itatundikwa wapi na nani ataiona, na mimi najua kwamba ndilo swali.

Lakini shangazi hakuwa mjinga. Kabla ya kuuza akasema hata kofia mtu huijaribu kichwani, akaninunulia tiketi ya kwenda Pemba na kurudi siku hiyo hiyo. Ndege ilikuwa ndogo. Tulipimwa uzito, sisi na mizigo yetu, mbele ya watu, mama mmoja akakataa kutaja wake, na mimi kwa wembamba wangu nikawekwa mbele, kando ya rubani. Alikuwa kijana wa bara, miwani ya jua, kandambili ndani ya mfuko nyuma ya kiti. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa. Nilikuwa nimesoma kila dua niliyohifadhi. Ndege ikakimbia, ikatikisika kama kabati la shangazi likihamishwa, kisha mtikisiko ukakatika, ghafla, na chini yetu hapakuwa na kitu. Nikaona mji wetu. Mapaa ya mabati yaliyojaa kutu, matangi ya maji ya hoteli, na mahali fulani kati yake mtu mdogo mno ambaye huenda alikuwa Nassor, shingo juu. Nikatafuta kichochoro chetu, sikukiona. Mambo yote yale, ndoa zote zile, ugomvi wa wali, vilikuwa ndani ya mstari ambao jicho haliwezi kuutenga. Kisha maji, ya rangi ambazo ukiwa chini huambiwi kwamba zipo, na Tumbatu ikalala pembeni na miti yake.

"Wewe mwenyeji?" rubani akaniuliza kupitia vile vya kuvaa masikioni.

"Naam."

"Chukwani kodi zimekaaje? Mwenye nyumba wangu anazima pampu ya maji nikiwa kwenye sabuni."

Nikamwambia nitamuulizia kwa Ami Seif. Nikamuuliza ana shahada. Akasema ana leseni, na mama yake anamwambia kila wiki akasome shahada. Aliyasema hayo akiwa anageuza kitu kwa vidole viwili, bila kukitazama, mkono ukienda wenyewe mahali palepale nilipopajua kutoka ukutani kwa Nassor. Na mimi, mtu wa mbuzi ya nazi, nikapata hamu ya ghafla, mbaya, ya kuweka mkono wangu pale. Nilipenda. Nasema kwa sababu miaka yote watu hudhani nilitapika. Nilipenda kiasi kwamba tulipotua Pemba sikushuka uwanjani kunyoosha miguu, nilibaki kitini nikingoja tuondoke tena, rubani akidhani naumwa.

Shangazi aliniuliza vipi. Nikasema, "Kawaida." Akatabasamu kwa neno hilo, akaenda kumwambia Bi Time kupitia dirishani kwamba mtoto kazaliwa rubani, kaona kupaa ni kawaida.

Siku ya kukabidhiana ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Mikeka ile ile, haluwa nyengine. Mnunuzi na dalali upande mmoja, Ami Seif na maalim upande mwengine kuwa mashahidi, Bi Time amekaa karibu na shangazi. Shangazi alikuwa amevaa nguo ya harusi za watu na amejifukiza udi, na mbele yake ilikuwa hati ya kiwanja na kalamu. Mimi ndiye niliyekuwa natembeza kahawa. Nilipofika kwake, nikamwona ameshika kalamu kwa namna ambayo watu wasioandika mara nyingi huishika, kwa kuibana sana, na nyuma ya kichwa chake dirishani ikapita sauti ya ndege, na juu ya paa la pili nikasikia miguu ya Nassor inakimbia.

"Mimi siendi," nikasema.

"Huendi wapi?" akauliza Ami Seif. "Hebu mimina kahawa."

"Chuoni. Huko ng'ambo. Siendi. Kiwanja kisiuzwe."

Dalali akamtazama mnunuzi, mnunuzi akamtazama maalim. Ami Seif akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Shangazi peke yake hakusogea. "Kwa nini?" akasema. Na mimi nilikuwa na majibu mengi, kila moja la kweli na kila moja linapingana na mwenzake: kwa sababu nilikuona umesimama mahali pa jiko, kwa sababu ya sauti ya kijiko cha Bi Time, kwa sababu naogopa kwenda kula kwa watu miaka minne, kwa sababu kule juu nilipenda, na mtu akikipenda kitu anaweza kuuza nyumba ya mwenzake bila kuumwa. Nikasema, "Sitaki tu." Ndivyo watoto wa miaka mitano wanavyosema. Shangazi akaweka kalamu chini polepole, akaikunja hati, akamgeukia mnunuzi. "Kunywa kahawa, baba," akamwambia. "Kahawa hairudishwi."

Aliacha kusema nami. Alizungumza kupitia vyombo. Nilijua kutokana na mfuniko ulivyoanguka kama chakula ni changu au si changu. Mtaani jina la Kapteni halikuondoka, lilibadilika ladha tu. Likawa kama lile analoitwa mtu mfupi "mrefu". Shangazi alipofungua mdomo hatimaye, hakuniambia mimi, alimwambia maalim, aliyekuja kuuliza hali: "Sasa maalim, na dua tuliyoomba je? Watu wale wote wameinua mikono." Maalim alikuwa anakula embe. Akasema dua haipotei. Ikikosa mwenyewe, humwangukia aliye karibu.

Haukupita muda Nassor akapigiwa simu. Kampuni ndogo bara, ndani kabisa, kupeleka watalii na nyama na mboga kwenye kambi za porini. Masaa mengi, mshahara mdogo. Aliondoka na begi moja. Karatasi ya ukutani aliibandua akaikunja, shahada akaiacha. "Ile ya mama," aliniambia. Asubuhi ile Bi Time alifungua dirisha lake, shangazi akiwa kwenye letu, na mbele ya kichochoro kizima akasema, "Bi Raya, dua yenu imefika. Imekosea nyumba, lakini imefika." Nilikuwa juu ya mbuzi yangu. Nilimsikia shangazi anacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya kalamu, na siku ile nilipewa chakula na mfuniko uliwekwa taratibu.

Nyumba ya Tunguu tuliijenga kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, na jiko liko mahali pale alipolipiga kiatu. Moshi unakwenda na kusi kama alivyosema. Mbele nikaweka mashine ya nakala. Nimeoa, mlango wangu uko mbali, na shangazi anatusikia hata hivyo. Haniambii chochote juu ya mwaka ule, wala simuulizi. Ila mara nyengine ndege ikipita juu, huku kwetu zinapita mbali, namwona anageuza uso kunitazama mimi, si ndege.

Mwezi uliopita Nassor hakuja peke yake. Alimleta Bi Time, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, kuja kumwangalia shangazi. Nilimpa Nassor kiti cha plastiki tukazungumza. Sasa anaendesha ndege kubwa, nchi ya mbali, anamwona mama yake mara moja kwa mwaka, mwaka mwengine anaukosa. Aliniambia kwamba alimwendea mwenye hoteli akataka kuinunua nyumba tena. Yule bwana alimpa chai nzuri sana, kisha akamtajia bei. "Haji, ningeruka mpaka nistaafu," akasema, "ningenunua ngazi tu." Alitaka kumjengea mama yake Chukwani, mama kakataa, kasema hawezi kulala mahali ambapo hawajui wafu wa hapo. Bado yuko juu kule, anapanga, anawaambia wageni hakuna, chini. Nikataka kumuuliza Nassor kama angekwenda tena, kisha nikaona mkono wake juu ya goti, vidole viwili vikigeuza kitu kisichokuwepo, nikaacha.

Nilimwendea Bi Time badala yake. Shangazi alikuwa ndani anasali alasiri, Nassor kaenda kuangalia gari, na Bi Time amekaa barazani kwangu na kikombe, miguu kainyoosha, anawatazama wanafunzi wanaopita kama anavyowatazama wageni wa hoteli. Nilimwamkia, akasema marahaba bila kugeuka. Nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia kwamba kuna jambo nimelifikiri miaka yote, na yeye ndiye mtu pekee anayeweza kunijibu, maana alilipa. Kwamba nisimkosee adabu, lakini nyumba ya ghorofa tatu, na urithi, na upweke wote huu, kwa shahada ile na mtoto anayeonekana mara moja kwa mwaka. Ilistahili? Akanywa kahawa yake mpaka akafika kwenye machicha, akayatazama, akanirudishia kikombe.

"Mimi niliuza nyumba, nikapata rubani," akasema. "Shangazi yako kabaki na kiwanja, kabaki na wewe. Sasa usiniulize mimi, yupo ndani, nenda kamuulize yeye."